Mkuu wa Kaya na Giaboksi Namba Nne

Siku ya nne ya upepo wa Mshuko wa Tisa, saa mbili na robo asubuhi, Bi Sui-khim alitoka jikoni na chanja ya saba ya tambi za mchele begani. Uani palikuwa na fremu za mianzi zilizoelekezwa kaskazini-mashariki, upande unakotoka upepo, na chanja sita zilikuwa zimeshaegemezwa hapo. Alipofika katikati ya ua, upepo ulikatika. Bi Sui-khim akasimama, mguu mmoja mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka, mdomo umefunguka kwa neno alilotaka kumwambia paka. Akabaki hivyo kwa dakika arobaini na moja.

Mke wa fundi baiskeli, jirani yake, alimwona kwa juu ya ukuta. Akaja, akamtua ile chanja, maana kilo kumi na mbili begani si mchezo, akarudi kwake kuendelea kufua. Upepo uliporejea, Bi Sui-khim alimaliza neno lake, ingawa paka alikuwa ameshaenda zake. Kisha kazi yote ambayo hakuifanya kwa dakika zile ikamrudia kwa mkupuo mmoja. Chanja tisa zilitandazwa kabla jirani hajamaliza kukamua shati.

Upepo wa Mshuko wa Tisa ndio unaokausha tambi zote za Hsinchu, mji wa pwani ya Taiwani, kuanzia mwezi wa tisa wa kalenda ya wakulima, na watengeneza tambi wamezoea kuungoja. Kusimama namna ile hawakuwa wamekuzoea. Hata hivyo hakuna aliyekwenda kwa mganga, kwa sababu chanzo kilijulikana siku ileile. Binti wa Bi Sui-khim, Siok-tin, ndiye aliyekuwa amekifunga kwa mikono yake.

Siok-tin alikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi wa udhibiti katika kituo cha umeme wa upepo kilicho ufukweni, kilomita mbili kutoka nyumbani kwao. Kazi yake ilikuwa giaboksi. Upepo haumjali mtu: unakuja kwa pupa, unazubaa, unakuja tena. Mapanga ya mnara hukimbia na kusinzia pamoja nao, lakini jenereta iliyo nyuma yake inatakiwa izunguke kwa mwendo mmoja tu, asubuhi hadi asubuhi. Katikati yao ndipo inapokaa giaboksi. Ile ya mnara namba nne ilikuwa na mota ndogo ubavuni: upepo ukizidi, mota humeza mwendo wa ziada, upepo ukipungua, huongeza uliopungua. Siok-tin ndiye aliyeandika taratibu za mota ile, imeze kiasi gani na iongeze lini. Kwa miezi mitatu taratibu zake ziligoma, na mstari wa umeme kwenye skrini ulitetemeka.

Umeme wa namba nne ulikuwa ukienda moja kwa moja kwenye kiwanda cha chipu za kompyuta kilicho juu ya kilima. Kiwanda cha namna hiyo hakitaki mtetemeko. Umeme ukiyumba kwa muda wa kupepesa jicho, kazi ya wiki saba inatupwa kwenye pipa. Inafaa isemwe hapa, maana baadaye ilisahauliwa kwa makusudi, kwamba kiwanda kilikuwa na jenereta sita za dizeli za kwake, mpya, zimefunikwa turubai. Zingeweza kujazia kila upepo ulipolegea. Hazikuwashwa kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele, na nyumba za wakurugenzi zilikuwa karibu.

Basi Siok-tin alifanya ambacho fundi yeyote wa Taiwani angefanya. Alinunua pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vya nazi, vile ambavyo jina lake ni neno wanaloambiwa watoto ili watulie, akaiweka juu ya kabati la giaboksi. Hospitali zina pakiti kama hizo juu ya mashine zao, benki zinazo, vituo vya treni vinavyo. Ni lazima iwe ya kijani, na haitakiwi kuisha muda wake.

Kosa lake lilikuwa ni adabu. Alilelewa na mama anayekwenda hekaluni mara mbili kwa mwezi, na hekaluni mtu haombi kama mzururaji. Anataja jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani, ili mungu ajue ni nani anayesema na jibu lipelekwe wapi. Siok-tin aliunganisha viganja mbele ya kabati akataja jina, akataja tarehe, akataja na anwani. Aliitaja ile iliyo kwenye daftari la kaya la serikali, namba kumi na saba, uchochoro wa tatu, nyumbani kwa mama yake. Chumba anacholala yeye mjini hakikumjia hata akilini, kwa kuwa ni cha kupanga. Kisha akasema, "Tulia. Toa mwendo mmoja." Giaboksi ikatii.

Tangu siku hiyo, upepo ulipopungua, mota ilikwenda namba kumi na saba ikachukua mwendo huko. Upepo ulipozidi, ilikwenda kuurudisha. Ilifuata daftari kama karani mzuri, na mwenye jina ilimfuata popote alipo: ilianza na jina la kwanza, mkuu wa kaya, na jina hilo lilikuwa la Bi Sui-khim. Jina la pili, na la mwisho, lilikuwa la Siok-tin, na hata alipokuwa nyumbani siku za mapumziko, amekaa mbele ya mlango akijitolea, mota ilimruka ikaenda kwa mama yake jikoni. Mstari kwenye skrini ulinyooka kama kamba ya mwashi.

Tatizo ni kwamba mota haikurudisha yote. Siok-tin mwenyewe alikuwa ameandika katika ukurasa wa tano wa kitabu cha mtambo: katika kila mia, tatu hupotea kwa joto na msuguano. Ni kiwango kizuri, na alipongezwa kwacho. Sasa hizo tatu zilikuwa zinapotea kwa mama yake. Kila alipotoka kwenye kusimama, Bi Sui-khim alikuwa mwepesi kidogo kuliko alivyoingia. Ilipofika mwezi wa kumi upepo ulimsogeza hatua mbili mpaka kwenye fremu, na kuanzia hapo akawa anatia mawe mawili katika mifuko ya aproni yake kabla ya kutoka uani.

"Umekula?" alimuuliza binti yake alipokuja Jumapili.

"Mama, tuzungumze kwanza habari ya mashine."

"Nimeuliza umekula."

"Sijala."

"Basi kaa ule. Mashine imeshakula, imenila mimi." Akamwekea bakuli la tambi na vipande vya nyama ya nguruwe na vitunguu vya kukaanga. "Na usiisengenye. Ina adabu kuliko wewe. Yenyewe inakuja kunitembelea kila siku."

"Nitaiondoa ile pakiti kesho."

"Iondoe. Ukifukuzwa kazi utakuja kunisaidia kukanda unga. Mikono yako ilivyo laini, utalia siku ya kwanza."

Siok-tin aliiondoa pakiti Jumatatu saa nne. Mstari ulitetemeka kwa dakika ishirini, na katika dakika hizo kiwanda kilipiga simu mara tatu. Meneja wa kituo, Bwana Kang, mtu mnene asiyependa ngazi, alipanda mita themanini mpaka juu ya mnara akairudisha pakiti kwa mikono miwili. Aliposhuka alikuwa ameloa jasho.

"Nasikia ni mama yako," alisema.

"Ndiyo, ni mama yangu."

"Pole. Kwa kweli pole sana. Lakini we A-tin, angalia mstari ule. Umewahi kuona mstari umenyooka vile? Ujerumani hawana."

"Kiwanda kina jenereta sita. Waambie waziwashe upepo ukikatika."

"Ningewaambia. Nimewaambia. Wanasema mke wa mkurugenzi mkuu analala mchana." Bwana Kang alijifuta shingo. "Kama ni anwani ndiyo tatizo, badilisha anwani. Mimi sitauliza umeweka ipi. Ila isiwe yangu."

Siok-tin aliona ushauri huo una maana. Siku ya pili alinunua pakiti nyingine ya kijani, akasimama mbele ya kabati na kutaja jina la mkurugenzi mkuu wa kiwanda, tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo huchapishwa katika ripoti ya kila mwaka, na anwani ya jumba lake ndani ya wigo wa kilimani. Akaomba radhi kwa usumbufu. Saa nane mchana upepo ulilegea. Mota ilitoka, ikapanda kilima, na saa nane na dakika kumi na mbili Bi Sui-khim alisimama uani kwake na ufagio mkononi.

Mlinzi wa lango la kilimani aliitwa A-bok, na alikuwa mjomba wa mke wa fundi baiskeli. Jioni alikuja mwenyewe namba kumi na saba kueleza, kofia yake mkononi.

"Nimeizuia mimi, A-tin. Imefika getini, nimeiomba kitambulisho, haina. Nimeiuliza imealikwa na nani, haikusema. Sasa mimi ningefanyaje? Hata dada wa mkurugenzi mwenyewe bila kitambulisho haingii."

"Ungeipisha tu, mjomba."

"Ningejua ni ya kwenu ningeipisha. Lakini niliiandika kwenye kitabu, 'kitu kisicho na kitambulisho, kimerudishwa.' Wakinikuta sijaandika wananitimua." Akamtazama Bi Sui-khim aliyekuwa bado na ufagio, upepo haujarudi. "Kwenu hapa hakuna geti."

Kwao palikuwa na mlango, lakini huwezi kufunga mlango wa nyumba ya tambi. Mvuke wa jikoni lazima utoke na chanja lazima zipite. Mlango wa namba kumi na saba ulikuwa wazi tangu baba yake Siok-tin akiwa hai. A-bok alikunywa chai akaenda zamu yake ya usiku.

Ikabaki njia ya tatu, Siok-tin kujitoa yeye. Angehamisha jina lake kwenye daftari, liwe kwenye anwani ya chumba chake cha mjini, awe mkuu wa kaya yake ya mtu mmoja, kisha aiambie giaboksi anwani hiyo. Alikwenda kwa mwenye nyumba, Bi Tsan, aliyekuwa akiangalia tamthilia na miguu imo ndani ya beseni la maji moto.

"Kukaa unakaa," alisema Bi Tsan bila kuzima runinga. "Kulala unalala. Kujiandikisha hapa hapana. Ukijiandikisha, watu wa kodi wanajua nina wapangaji."

"Mama yangu anapungua, shangazi."

"Namwonea huruma. Mpelekee haya machenza." Akampa mfuko wa machenza. "Lakini anwani yangu usiitaje mbele ya mashine. Nitajua."

Wapangaji kumi na mmoja waliishi katika jengo la Bi Tsan na kwa mujibu wa serikali hakuna hata mmoja aliyekuwa akiishi hapo. Nusu ya vijana wa mji ule wanakaa hivyo, katika vyumba ambavyo havina watu. Wanapotaka kupiga kura wanapanda treni, na wanapoulizwa wanakotoka wanataja nyumba za mama zao. Hili halina mazingaombwe yoyote, na mtu akiliona la kawaida ni kwa sababu amelizoea.

Karani wa ofisi ya usajili alimsikiliza Siok-tin mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani kwenye kamba. Alisema kwamba bila ruhusa ya mwenye nyumba hawezi kumhamisha, lakini lipo jambo jepesi zaidi. Kaya inaweza kubadilisha mkuu wake wakati wowote. Jina la pili linakuwa la kwanza, la kwanza linakuwa la pili. Fomu ni moja, na kinachotakiwa ni muhuri wa mkuu anayeondoka.

Muhuri wa Bi Sui-khim ulikuwa kijiti cha mbao chenye jina lake, na siku zote ulikaa kwenye mtoto wa meza pamoja na betri na ndimu. Siok-tin alifungua mtoto wa meza akakuta betri na ndimu.

"Muhuri uko wapi, Mama?"

"Umepotea."

"Umepotea tangu lini?"

"Tangu karani yule aliponipigia simu kunieleza. Mwanamke mwema sana. Anasema mnunuzi mkubwa wa tambi zangu ni mama mkwe wake."

"Mama, nipe muhuri."

"Mimi bado niko hai," alisema Bi Sui-khim. Alikuwa anakata tambi kwa mkasi, na wakati huo aproni yake ilikuwa na mawe manne. "Mkuu wa kaya ni mimi. Ukitaka ukuu, subiri unizike. Nyie watoto wa siku hizi mna haraka ya vyeo."

"Si cheo. Itaanza kunichukua mimi badala yako, ndiyo ninachotaka."

"Najua ndicho unachotaka. Sikukuzaa ukae umesimama kama mlingoti ili watu wa kilimani wapate usingizi wa mchana. Nenda kaoshe bakuli lako."

Siok-tin aliosha bakuli, akalia humo humo kwenye maji ya vyombo. Usiku, mama yake alipolala, alitafuta kwenye pipa la mchele, chini ya godoro na nyuma ya picha ya baba yake. Hakuupata.

Mwaka mpya ulipita. Kiwanda kilituma wageni watatu waliovaa suti na kibao cha shaba chenye maneno *Kwa Utulivu wa Miezi Mitatu Bila Mtetemeko*, wakapiga picha na Bwana Kang na Siok-tin. Walitaka pia kumpiga picha mama, kwa kuwa walikuwa wameelezwa, na hawakuona ajabu wala hawakuona aibu. Walimkuta amesimama. Mmoja wao alisema ni vizuri maana picha haitatoka na ukungu, wakajipanga pembeni yake. Bi Sui-khim alipozinduka aliuliza nani ameacha kibao, akakitumia kufunikia beseni la mchele ulioroweshwa.

Masika mawe yalifika tisa. Siok-tin aliandika barua kwa kiwanda, kwa idara ya nishati na kwa diwani wa mtaa. Kiwanda kilijibu kwamba kinathamini mchango wa jamii zinazokizunguka. Idara ilijibu kwamba upotevu wa tatu kwa mia uko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Diwani alikuja mwenyewe, akala tambi, akasema ni jambo la kusikitisha, akaondoka na kilo mbili. Siok-tin aliwaandikia tena wote. Safari hii hakuna aliyejibu.

Mwezi wa tano wa wakulima upepo ulianza kukatika kwa siku nzima. Bi Sui-khim alisimama siku moja na nusu sebuleni, mkono mmoja ukielekea swichi ya feni. Hakuona njaa, kwani njaa nayo ni mwendo. Siok-tin alimfuta uso kwa kitambaa cha maji na kumwekea mwavuli kwa ajili ya jua la dirishani. Mke wa fundi baiskeli alikuja kumchana nywele. Alipozinduka alikuwa mwepesi kiasi kwamba Siok-tin alimbeba mpaka kitandani kwa mkono mmoja, kama unavyobeba shuka zilizokauka.

"Mama, nakuomba. Muhuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo," alisema mama yake, na akalala.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi wa sita, Siok-tin alikuwa zamu kwenye chumba cha udhibiti. Bahari ilikuwa imelala na mapanga ya namba nne yalikuwa yananing'inia. Zilikuwa zimepita saa sita bila upepo wowote, na mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka. Saa tisa na dakika kumi alasiri ulishuka. Ulishuka ndani ya nusu sekunde, unene wa ukucha, ukabaki hapo unatetemeka. Mota ilikuwa imefika namba kumi na saba na haikukuta cha kuchukua.

Siok-tin alisimama. Simu ya kiwandani ikalia papo hapo.

"Dada, habari za mchana," alisema ofisa wa zamu, kijana mwenye sauti ya heshima. "Tumeona mtetemeko huku. Kuna nini?"

"Mama yangu amefariki."

"Lo, pole sana dada. Poleni sana." Ikasikika sauti ya vidole kwenye kibodi. "Samahani, hapa kwenye sababu niandike nini? Wamenipa upepo, mashine, na mengineyo."

"Andika mmemuua."

"Dada..."

"Andika hivyo hivyo. Andika mmemla miezi tisa, mchana kweupe, mlango wazi, na mkapiga naye picha. Andika mna jenereta sita hapo juu zimefunikwa turubai kwa sababu ya usingizi wa mtu mmoja. Na jina la huyo mtu uliandike pia, anaitwa..."

Katika daftari la kaya la namba kumi na saba, uchochoro wa tatu, mkuu wa kaya anapofariki jina la pili huwa la kwanza, na hakuna muhuri unaohitajika. Siok-tin alibaki amesimama, simu sikioni, mdomo wazi kwa jina lililokuwa linakuja.

Ofisa wa zamu alingoja. Alisema halo mara mbili. Kisha akatazama skrini yake akaona mstari umenyooka tena, akamshukuru dada kwa kulishughulikia haraka, akaweka alama kwenye mengineyo na kukata simu.